Maziwa Chini ya Kifuniko cha Oili

Nilifungua kifuniko cha oili nikakigeuza. Upande wa ndani kilikuwa kimetapakaa kitu cheupe, kizito, kama uji wa mchele. Nikavuta kijiti cha kupimia, nacho kikatoka na rangi ya chai ya maziwa. Mwenye gari kuukuu yeyote anajua maana yake: maji yameingia kwenye oili, na maji hayajipeleki humo yenyewe. Gasketi ya silinda hedi, ile inayotenganisha njia za maji na njia za oili, imeungua. Gari la hivyo halisafiri. Linafunguliwa kichwa na kukaa juu ya mawe mpaka spea ipatikane.

Na koluna ilikuwa kesho yake asubuhi.

Sisi watu wa Msimbwa, mji ambao kwenye vibao vya serikali umeandikwa Mocímboa da Praia, miaka hii ya vita hatutoki kwenda bara kila mtu kwa saa yake. Magari yanakusanyika mwisho wa mji, askari wanatangulia, wengine wanafunga nyuma, tunakwenda pamoja. Hiyo ndiyo koluna. Ukiikosa ya kesho hujui nyingine ni lini. Na ukiharibikiwa katikati ya msitu, utabaki na gari lako na Mungu wako, maana msafara mzima hauwezi kusimama kwa ajili ya mpira wa maji uliopasuka.

Mdogo wangu alikuwa na mimba iliyotimia, na mtoto amelala mkingamo. Muuguzi alimpapasa tumbo, akampapasa tena, kisha akatuambia bila kuzunguka kwamba mtoto huyu hatatoka kwa njia ya kawaida. Apasuliwe kabla uchungu haujakolea. Hapa kwetu siku zile hapakuwa na wa kupasua, ilibidi twende Mueda, juu uwandani. Ambulansi ilikuwa Pemba, makao makuu ya mkoa wetu. Malori ya koluna yanapakia watu juu ya magunia, na muuguzi alisema mwanamke huyu akipandishwa huko tusije tukamlaumu mtu. Shemeji yangu alikuwa kazini Palma, hana njia ya kufika. Kilichobaki ni gari langu.

Mama yetu alikuwa na dada yake aliyekufa kwa mtoto wa mkingamo, amebebwa kwa machela kutoka Mbau, akafia njiani. Zaidi ya hapo hakuwahi kutusimulia. Tangu muuguzi alitamke lile neno, mama alikuwa anakula matonge mawili anaosha mikono.

Basi nielezeni mimi ningefanya nini pale, nimeshika kile kifuniko, mama yuko kwenye mkeka wake ukumbini ananitazama, mdogo wangu yuko ndani anakunja nguo za mtoto.

Gari lenyewe ni saluni ya Kijapani, ya kati, si kile kigari cha mjini kama sanduku wala si lile la wakubwa. Limetembelewa Japani, likatembelewa Dar, likatembelewa Mtwara, ndipo likavuka mto Ruvuma kuja kwangu likiwa na adabu zake na maradhi yake. Ndilo linalonilisha. Nabeba wagonjwa, maharusi, wageni wanaoshuka na mabegi. Kitabu chake kimeandikwa kwa Kijapani kitupu, nami nimekisoma kwa picha, na palipo na tarakimu nimeshika tarakimu. Oili yake ni nyepesi, ya tano thelathini. Si ile nzito ya malori ambayo kila duka la hapa litakuapia kuwa ni ileile. Gia boksi ina mafuta yake peke yake, ukiitia ya gari jingine itakataa kurudi nyuma mbele ya watu. Tairi upepo thelathini na mbili, na mzigo ukiwa mkubwa unaongeza. Injini inakwenda kwa cheni, kwa hiyo anayekuja kukuuzia mkanda wa taimingi ni mwizi.

Na maradhi yake nayajua kama ninavyojua ya mwili wangu. Mauntingi za injini zinachoka, gari linatetemeka kwenye taa nyekundu, japo taa zenyewe hapa hatuna. Shokapu za mbele zinavuja. Mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu, unapasuka shingoni. Lakini ugonjwa mkubwa si wa gari, ni wa mafundi. Fundi wa kwetu akiliona gari la Kijapani, kitu cha kwanza anang'oa thamostati. Anakwambia huku kwetu joto, haina kazi. Jamani! Mjapani wa watu amekaa chini, amepima injini ipate joto kiasi gani, kijana anakuja na spana yake moja anaitupa majalalani. Mimi nilishapigana na fundi mmoja mbele ya watu kwa ajili ya thamostati. Nikaitwa mwanamke mwenye mdomo. Sawa, na gari langu lina thamostati yake mpaka leo.

Kwa sababu hiyo nyumbani nilikuwa na sheria, nayo kila mtu aliijua: asiguse mtu gari langu. Asifungue boneti, asiongeze maji, asisaidie. Ukitaka kunisaidia, kaa mbali nalo.

Nikamwita fundi. Huyu ninayemtumia sasa ni Mmakonde wa uwandani, mtu wa kanisani, mpole, tumezoeana. Alikuja, akatazama kifuniko, akapiga mluzi mdogo. Akapaka ule uji kidoleni akanionyesha, utadhani sijauona. Akasema ni gasketi, kichwa kinafunguliwa, mengine ni maneno tu. Nikamwambia kesho kuna koluna. Akasema koluna haibadilishi gasketi.

Nikamwambia fungua rejeta. Akafungua. Maji yalikuwa yamejaa mpaka shingoni, kijani kama nilivyoyatia mwenyewe. Sasa, kama maji yamehama kwenda kwenye oili, mbona hayajapungua? Akakuna kichwa. Tukawasha injini. Moshi wa nyuma haukuwa mweupe, sauti ilikuwa ya siku zote, wala hapakuwa na mapovu kwenye rejeta. Fundi akasema labda ndiyo kwanza imeanza, inavuja kidogo kidogo, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu itakudanganya hapa chini na kukuua kwenye mlima wa Mueda. Nikazima. Hakuna aliyekuwa na hakika, na mimi kitu nisichokiweza duniani ni kukosa hakika huku watu wananitazama.

Mdogo wangu akatoka, mkono kiunoni. Alikuwa amesikia. Akasema kwa sauti ndogo kwamba atapanda lori, watu wengi wamepanda lori wakazaa salama. Nikamjibu vibaya. Nikamwambia akanyamaze ndani, si kazi yake, kazi yake ni tumbo. Akaingia. Nilimsikia anapenga kamasi.

Nikamgeukia mama nikamuuliza kama kuna mtu ameligusa gari tangu alfajiri. Mama akavuta upindo wa kapulana yake, kanga ya huku kwetu, akasema watu wengi wanapita uani. Sikuuliza tena. Akili yangu ilikuwa kwenye gasketi, na mtu aliyeshaamua ugonjwa haulizi vizuri.

Fundi alianza kutoa funguo zake kwenye gunia. Nikakitwaa kile kifuniko nikifute, kwa uchungu tu, kama unavyomfuta mtoto pua. Nilipokisogeza usoni kuangalia mpira wake, harufu ikanipiga. Chini ya harufu ya oili iliyoungua palikuwa na harufu nyingine. Nikanusa tena. Nikampa fundi anuse, akasema ni oili. Nikamwambia nusa kama mtu, siyo kama fundi. Akanusa, akanitazama, akasema inanukia kama harusi ya Waislamu.

Yalikuwa marashi ya waridi. Tena pale kwenye ule weupe, ukitazama vizuri, palikuwa na umanjano kwa mbali. Zafarani.

Kwa asiyejua mambo yetu nieleze. Mtu akiwa na ugonjwa, hofu, au safari ya mashaka, anaandikiwa kombe. Mwalimu wa chuo anaandika aya kwenye sahani nyeupe kwa wino wa zafarani, aya zinaoshwa kwa maji na marashi, na maji yale yananywewa. Asubuhi ile, kabla sijaamka, mdogo wangu alikuwa amekunywa lake. Hilo nililijua, nikaliona jambo jema. Sikujua kwamba sahani zilikuwa mbili.

Nilikwenda mpaka kwenye mkeka na kifuniko mkononi. Sikupiga kelele. Hasira yangu ikiwa ya kweli haina kelele, na mama anaijua hiyo kuliko ile nyingine.

"Mama, umelitia gari kombe?"

Alitazama vidole vya miguu yake. Kisha akanitazama mimi.

"Litawabeba wanangu wawili na mjukuu," akasema. "Anayewabeba asinywe kwa nini?"

Nikamuuliza kwa nini alitia pale. Akasema maji yanatiwa penye maji. Nikamwambia mama, pale ni penye oili. Akainuka, akanifuata hadi kwenye gari, akaninyooshea kidole kile kifuniko nilichokishika mwenyewe, na kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa na hasira kunizidi.

"Na hii birika wameichorea nini?"

Nikatazama. Kwenye kifuniko cha oili cha gari langu, na nadhani cha magari yote, kuna mchoro wa kopo la oili: tumbo, mkono, mdomo mrefu, na tone linadondoka. Miaka yote nimeona kopo la oili. Mama yangu, aliyetawadha kwa birika tangu utoto wake, aliona birika lenye tone la maji mdomoni. Kifuniko cha rejeta kimejaa maandishi na alama ya kukataza mkono. Wewe ungemimina wapi?

Fundi aligeukia ukutani, mabega yanamtetemeka. Mimi sikuweza kucheka. Nilimuuliza mama kwa nini hakusema nilipomuuliza. Akasema kombe la msafiri halitangazwi mpaka msafiri afike, ndivyo alivyolelewa. Kisha akaongeza, kwa sauti ambayo fundi asingeisikia, kwamba na mdomo wangu anaujua. Nilitamani ardhi inimeze. Mtu mzima yule, amekaa mchana kutwa na jambo lile kifuani, ananiona nahangaika, anamsikia mwanawe analia ndani, na bado ameona heri abaki na hofu ya gari kuliko kuukabili mdomo wangu.

Lakini hapakuwa na nafasi ya hayo, jua lilikuwa linashuka.

Fundi alisema kinachowezekana: kumwaga oili yote, kusafisha kwa oili nyingine, kumwaga tena, filta mpya, kisha kutia oili yake. Tatizo nilikuwa nimeshaliendesha gari asubuhi ile kwenda sokoni na hospitali, maji yamezunguka injini nzima. Bearingi zimekula nini, hatujui. Na kubwa zaidi, alisema, kombe halithibitishi kwamba gasketi ni nzima. Inawezekana yote mawili. Gari kuukuu halioni haya kuugua mara mbili kwa siku moja. Akasema tutajua kwenye mlima baada ya Diaca, na alivyotamka "tutajua" nilimchukia, kwa sababu yeye hatakuwepo.

Dukani oili nyepesi hakuna, ni ile nzito tu. Nikainunua ya kusafishia. Nyepesi nilikuwa nayo galoni moja chini ya kitanda. Wenzangu huficha dhahabu, mimi nilificha oili. Fundi akalala chini ya gari, akafungua nati. Kwanza yalitoka maji ya njano, kisha uji, kisha oili. Ua mzima ukanukia waridi na gereji kwa pamoja.

Hapo tena pakawa na kesi. Fundi alibeba beseni akamwage mtaroni, kama anavyomwaga siku zote. Mama akasimama mbele yake. Maneno ya Mungu yamo humo, akasema, hayamwagwi panapokanyagwa. Fundi, ambaye si wa dini yetu, alisimama na beseni lake bila kubisha, akaniangalia mimi. Saa zinakwenda. Nikasema mmwagie mti shinani. Mama akasema utauua mti. Nusura nipasuke. Ni fundi aliyekumbuka kwamba oili chafu watu wanapaka nguzo za nyumba kwa ajili ya mchwa, na nguzo hakuna anayeikanyaga. Mama akafikiri. Akalipokea beseni yeye mwenyewe, akalifunika kwa ungo, akaliweka juu ya boriti jikoni. Tukaendelea.

Gari liliwaka. Nilikaa ndani yake huku linanguruma, nasikiliza kama daktari, mpaka fundi akanigusa bega. Kijiti kilitoka kisafi. Nikamuuliza kama yeye angekwenda. Akasema yeye hana mdogo mwenye mtoto wa mkingamo. Heri nusu shari kuliko shari kamili, nikasema, tunakwenda.

Asubuhi mama alimbusu mdogo wangu tumboni, kisha akampa kichupa. Lilikuwa kombe lililobaki, la kunywa uchungu ukianza. Hakunitazama aliponiaga, nami niliona haya kusema neno. Tukaagana kwa mikono tu.

Koluna inakwenda polepole kuliko msiba. Lori la magunia mbele yangu, jingine nyuma yangu, huwezi kupita, huwezi kubaki. Gari likienda taratibu upepo hauingii kwenye rejeta, kazi yote inabaki kwa feni. Mdogo wangu alikuwa nyuma, amelala ubavu, kichwa juu ya furushi la nguo. Mimi sikuangalia msitu. Watu wananiuliza mpaka leo uliona nini njiani, niliona mshale wa joto tu. Ulikaa katikati, chini kidogo ya katikati, pale anapotaka Mjapani. Kila shimo nililopita niliomba radhi kwa sauti, sijui nikimwomba nani, mdogo wangu au injini.

Tulipita Awasse, mshale umetulia. Nikaanza kupumua. Ndipo mdogo wangu akasema, "Dada, nadhani umeanza." Nikamwambia ni shimo lile.  Baadaye kidogo akashika kiti changu kwa nyuma, na nikausikia mkono wake unavyokaza. Halikuwa shimo.

Karibu na Diaca mshale ulipanda upana wa ukucha. Nikazima redio, nikafungua madirisha, nikawasha hita, ile ya kupashia watu moto Japani kwenye baridi, maana inavuta joto la injini. Sisi tukachemka humo ndani kama viazi. Mshale ulirudi, ukakaa, kisha ukaanza tena kupanda. Moyoni nilikuwa na neno moja tu: gasketi. Fundi alisema. Gasketi, na nyuma yangu yupo mtu anayevuta pumzi kwa meno. Mlima ndio kwanza uko mbele. Nilimwona yule mama mkubwa wa Mbau ambaye sijapata kumwona.

Mungu ni mkubwa, pale Diaca askari waliisimamisha koluna kwenye posto, kizuizi chao cha njiani. Nilishuka kabla gurudumu halijatulia. Boneti ikafunguka na mvuke. Nikavuta kijiti cha oili kwanza, nikakifuta, nikakizamisha, nikakivuta tena. Oili ilikuwa safi, ya rangi ya asali. Hapakuwa na maziwa. Nikapiga goti pale pale, kisha nikatafuta maji yanatokea wapi, na nikauona: mpira wa juu wa rejeta, shingoni, umepasuka ufa mdogo, unatema. Ugonjwa wangu wa zamani. Nilitaka kuubusu.

Nikachana kapulana yangu ya begani, nikaifunga shingo ile kwa nguvu zangu zote, mzunguko juu ya mzunguko, juu yake nikakaza waya. Rejeta ya moto haifunguliwi hovyo, inakuchubua uso. Nikaweka kitambaa kilicholowa, nikalegeza kifuniko kidogo kidogo mpaka kikamaliza kupumua. Nikamimina dumu la maji nililobeba, huku injini inazunguka. Gari likalinywa lote. Nikaomba chupa kwa dereva wa lori la mbele, likainywa nayo. Bado shingo ilikuwa tupu, na tupu pale juu maana yake ni hewa, na hewa kwenye mlima maana yake ni kuchemka. Mbele askari walishaanza kupunga mikono. Malori yaliunguruma. Niligeuka huku na huku. Kila dereva alikuwa ameshapanda.

Mdogo wangu aliteremsha kioo. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Alinyoosha mkono, na mkononi mlikuwa na kile kichupa.

"Mama amekupa hilo ulinywe wewe," nikasema.

"Mimi nimeshakunywa langu. Lipe hilo linalonibeba."

Nilisimama nacho. Jana yake nilikuwa nimeona haya mbele ya fundi kwa sababu ya jambo hili hili. Na kweli nililiogopa, kwa sababu ule mpira ulikuwa bado unadondosha, na yatakayodondoka yatakanyagwa na matairi ya watu. Nikasema Mola wangu, wewe unaona. Bismillahi. Nikamimina mpaka tone la mwisho, polepole, na maji yakapanda shingoni yakasimama. Marashi yakafumka kwa lile joto, mpaka askari aliyekuja kunifukuza akasita akatazama ndani ya boneti. Nikafunga kifuniko.

Mlima wa kupanda Mueda sitausimulia sana. Nilipanda gia ya chini, hita imewaka, mdogo wangu amenishika bega kila uchungu ulipomjia, nami nikiona mshale unasogea nasema sogea urudi, sogea urudi, kama mwendawazimu. Ulifika karibu na nyekundu. Haukuingia. Niliingia ua wa hospitali na mvuke unatoka pande zote mbili, nikapiga honi nikasahau kuutoa mkono.

Walimchukua kwa kitanda cha magurudumu. Mlango ukafungwa, nikabaki nje peke yangu na gari. Sikuweza kukaa kwenye benchi na wale wanawake wengine. Nilirudi nikafungua boneti, sina la kufanya, nikazungusha kifuniko cha oili, chenye birika, nikakigeuza. Kilikuwa kisafi kabisa. Nikakinusa. Tulikuwa tumemwaga oili mara mbili, tumebadilisha filta, na bado marashi yalikuwa yamo kwenye ule mpira wake mdogo. Hapo ndipo nilipolia. Nililia kwa sauti, nimeegemea gari, watu wakadhani nimefiwa.

Alitoka muuguzi akaniita kwa jina la mdogo wangu, nikaitika. Akasema mtoto wa kike, wote wazima, mama yake bado amelala.

Mtandao Mueda unakuja na kuondoka. Nilipompata mama hakusalimu. Nikamwambia ni msichana, mwanao mzima, mjukuu mzima. Nikasikia anamshukuru Mungu mara nyingi, mbio mbio, kama mtu aliyekuwa amezuiliwa pumzi. Halafu nikajua anatafuta namna ya kuniuliza jambo bila kunikasirisha.

"Lile kombe la kwenye chupa," akasema, "amelinywa?"

"Hapana, mama. Limelinywa gari."

  Nikamsikia taratibu, akiwa bado na hofu.

"Nani amelitia?"

"Mimi," nikasema. "Nimelitia mimi, mama."

Akaanza kulia.